Nyasi Alizolaza Mansuetus

Ndugu msomaji, kabla hujapita, simama kidogo. Kuna mambo yametokea kule Ukata ambayo ukisimuliwa utasema huyu katunga. Mwanamke kapewa talaka na mahakama, muhuri umegongwa, kila mtu kasikia. Halafu mwanaume aliyeachwa kapanda mlima na begi lake, kaingia nyumba ile ile, katandika godoro sebuleni, na sheria ikasema mwacheni hapo hapo. Na siyo hilo tu. Kesi yenyewe, na makaratasi yake yote, ikaja kusimama juu ya nyasi. Nyasi za shambani, hizi hizi za kukanyaga. Siyo chai. Kaa vizuri nikupe mwanzo.

Mwanamke anaitwa Tadea. Mume anaitwa Mansuetus, wenyewe wanamwita Mansue, jamaa mmoja mcheshi, ukikaa naye kidogo tu mbavu huna. Miaka ile mtoto wao Aurelia anaanza kutembea, Mansue aliteremka ziwani, Mbamba Bay, akasema anakwenda kununua usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa, aje auze mnadani. Alivyoteremka ndiyo moja kwa moja. Kumbe huko alipata mwenyeji, mwanamke mmoja wa Kinyasa, wakawa wanakaa kama mtu na mkewe. Tadea akabaki huku juu na mtoto, na mibuni, na maneno ya watu.

Alivumilia mpaka akachoka. Akaenda baraza la usuluhishi la kata, Mansue hakutokea. Akaenda Mahakama ya Mwanzo. Hakimu akasikiliza, akasoma: ndoa imevunjika, haitengenezeki tena. Mtoto akae na mama. Nyumba na shamba la mteremkoni ni vya mama, la bondeni la baba, na baba alete matunzo ya mtoto kila mwezi. Siku hiyo Mansue alikuwepo, kakaa nyuma kimya. Tadea alitoka pale anatembea kama mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vinambana tangu asubuhi.

Kumbe yule bwana naye hakukaa. Siku za kukata rufaa hazijaisha, huyo, Mahakama ya Wilaya, Mbinga mjini. Rufaa yake hoja ni moja tu: ndoa bado ipo, yeye alikuwa safari ya kutafuta. Na akaomba hukumu isitekelezwe kwanza mpaka rufaa isikilizwe. Wakamkubalia. Kila kitu kibaki kama kilivyo.

Jioni moja Tadea anamenya mihogo, akasikia mtu anakohoa mlangoni.

"Hodi hapa, mama Aurelia."

"Nani kakuita?"

"Mahakama," Mansue akasema, kabeba begi bega moja na mfuko wa usipa bega la pili, anacheka. "Wamesema kila kitu kibaki kama kilivyo. Sasa mimi nilivyo si ndiyo baba mwenye nyumba?"

Tadea akasimama na kisu cha mihogo mkononi. Aurelia akatoka mbio chumbani. Mtoto wa darasa la pili, baba yake anamjua kwa picha na kwa sauti ya simu. Akamrukia. Mansue akamnyanyua juu, akamzungusha, mtoto anacheka mpaka anakwama. Basi. Nani amfukuze mtu hapo?

Kesho yake Tadea akateremka Mbinga kwa mama Somoe. Huyu ni mama wa makamo, ana duka la vitenge karibu na stendi, watu wa kwao asili Kilwa, na ni msaidizi wa kisheria, amesomea kabisa. Kesi ya mwanzo ndiye aliyemshika Tadea mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Keti. Uso huo vipi?"

Tadea akamweleza. Mama Somoe akaacha kukunja kitenge.

"Usihame," akasema. "Ukihama leo ukamwacha na mtoto, kesho atasema umemtelekeza. Ukihama na mtoto, atasema umekaidi amri. Kaa. Lakini nisikilize vizuri. Yeye anasema ndoa ipo. Sasa kila utakachomfanyia pale ndani atakipeleka kwa hakimu. Usimpikie. Usimfulie. Usikae naye barazani mkacheka. Hata akikutania, meza kicheko."

"Na matunzo ya mtoto?"

"Ndiyo hivyo, naye atasema matunzo gani, mtoto anakula samaki wangu kila siku." Mama Somoe akatikisa kichwa. "Kakuweza, mwanangu. Anakufungia ndani kwa wema."

Na kweli. Laiti angekuwa mlevi, laiti angempiga, Tadea angejua pa kwenda kusema. Huyu anaamka asubuhi anafagia uwanja. Anachota maji mtoni, na ndoo anaibeba kichwani kama mwanamke, anapita nayo katikati ya kijiji polepole, ili waone. Siku moja kachukua kitenge cha Tadea kwenye kamba, kikiwa kikavu na kisafi, akakifua tena, akakianika upande wa barabarani. Akinunua mbasa, yule samaki wa ziwani, anamnunua mkubwa, anamning'iniza kwenye usukani wa baiskeli, anapiga kengele njia nzima.

Wanawake wa Jumuiya ya kanisani wakaanza. Kinara wao Beata, shamba lake liko ng'ambo, mlima unaotazamana na wa Tadea.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama Aurelia."

"Milele amina, dada Beata."

"Malaika wako hajambo? Wangu mimi hata kikombe chake hajui kinakaa wapi."

"Mchukue, dada."

"Eh! Usinijaribu, nitakuja na mkeka wangu!" Wenzake wakacheka. Kisha Beata akashusha sauti. "Lakini kweli Tadea, mtu kakosa, karudi, anachota maji. Unataka nini tena? Kanisani mlisema mpaka kifo."

Tadea angesema nini? Kwamba kila ndoo ile ya maji inamzamisha? Nani angemwelewa? Akawa mtu wa kukunja uso. Mansue akisema "umelala salama?" mbele za watu, hajibu. Akiwekewa ugali na mbasa, anatoka nje anakula mihogo yake ya jana. Aurelia akawa anamwangalia mama yake kwa jicho fulani, jicho la kuuliza.

"Mama, kwa nini wewe huongei na baba?"

"Kula ulale."

Mwezi wa tatu ukaingia. Na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kwa ambao hamjafika huku, shamba la mteremko hatulimi matuta ya kawaida. Mwanaume anafyeka nyasi, zinakauka, kisha anazilaza kwa mistari inayokatana, mlima mzima unakuwa kama wavu wa samaki umeanikwa. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu, anafukia zile nyasi. Katikati linabaki shimo, juu ya kingo yanapandwa maharage, mwaka unaofuata mahindi. Ndizo ngoro. Mvua inyeshe itakavyo, udongo hauondoki.

Sasa, mwanamke anafukia nyasi alizolaza baba yake, au kaka yake, au mume wake. Ukionekana unafukia za mwanaume mwingine, ng'ambo wamejua kabla hujanawa mikono. Miaka yote Mansue akiwa ziwani, kaka yake Tadea, Florian, alikuwa anakuja kutoka Kigonsera kumlazia. Mwaka huu Florian kaanguka na bodaboda, mguu umefungwa plasta, hata chooni anasindikizwa.

Tadea akawa anawaza atafanyaje. Asubuhi moja anatoka nje, anatazama mteremkoni. Shamba zima limelazwa. Mansue alikuwa anatoka alfajiri kimya kimya siku zote hizo, yeye akidhani anachota maji. Na mistari sasa! Imenyooka kama imepigwa kamba. Mansue pamoja na yote, kwa kulaza nyasi hana mpinzani, wazee wenyewe wanasema.

Akarudi ndani akamkuta anakunywa chai na mtoto.

"Nani kakutuma?"

"Nitumwe kwenye shamba langu? Mvua inakaribia, mama Aurelia. Mtoto atakula nini?" Akamkonyeza Aurelia. "Au mama anataka tule vitenge vya mama Somoe?"

Mtoto akacheka, chai ikamtoka puani.

Tadea akapanda mpaka kwenye jiwe lile ambalo mtandao unashika, akampigia mama Somoe.

"Fukia," mama Somoe akasema, hata hajafikiri. "Shamba hukumu imekupa wewe. Kulima si kulala naye."

"Mama, hujui huku kwetu. Nikifukia nyasi zake nimemkubali. Mlima mzima utasema."

"Basi usifukie."

"Nisipofukia hakuna maharage, na mwakani hakuna mahindi. Atamwambia hakimu mama huyu kamwacha mtoto na njaa wakati shamba lilikuwa tayari."

"Kha!" mama Somoe akasema. "Huyu mwanaume kasomea wapi?"

Akifukia, ndoa imerudi. Asipofukia, anapoteza mtoto. Tadea akakaa pale juu ya jiwe anatazama lile shamba, macho ya wavu yamejipanga safi kabisa kuanzia juu mpaka bondeni, akajiona yeye ndiye samaki.

Kesho yake akafanya jambo ambalo Ukata nzima bado wanalisema. Aliingia shambani akaanza kuzifumua. Mstari mmoja mmoja, zile nyasi zote akazikusanya marundo. Kisha akaanza kuzilaza upya, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mwanamke analaza nyasi! Hajawahi kufundishwa, nani angemfundisha? Mistari ikawa inakwenda inapinda kama njia ya mbuzi. Jicho moja kubwa kama chumba, linalofuata huwezi hata kuweka sufuria.

Ng'ambo wakaacha kazi, wakaegemea majembe.

"We Tadeaa!" Beata akapaza sauti, inavuka bonde. "Unalaza nyasi? Umeota ndevu?"

"Zinakuja dada Beataa! Nikinyoa nitakuletea!"

Kicheko kikajaa bonde zima. Tadea naye akacheka, mara ya kwanza tangu lile godoro lije sebuleni. Mgongo unamuuma, viganja vimechanika, lakini nyasi hizi ni zake. Alaze mwenyewe, afukie mwenyewe. Nani atamdai ndoa hapo?

Mansue alikuja akasimama njiani akatazama siku zote zile, anatafuna muwa. Tadea alipomaliza kulaza akashika jembe, akaanza kufukia. Ndipo Mansue akatoa simu mfukoni.

Jioni simu ya Tadea ikawa inalia tu, tii, tii, tii. Kundi la Jumuiya. Picha yeye kainama na jembe, anafukia nyasi, na chini Mansue kaandika: "Mimi na mama Aurelia tumerudi shambani pamoja. Asanteni sana wanajumuiya kwa sala zenu." Amina zinashuka kama mvua. Vimikono vya sala. Maua. Mtu kaweka njiwa. Tadea akaandika, "Si kweli, nyasi nimelaza mwenyewe." Kabla hajatuma, katekista naye akatia Amina, na chini yake akaongeza, "Ni ushuhuda mkubwa kwa vijana wetu." Tadea akafuta herufi moja moja mpaka zikaisha. Abishane na katekista?

Na ile picha, kama ulivyokwisha kudhani, Mansue aliipeleka mahakamani. Akaomba ipokelewe kama ushahidi wa ziada. Ikapokelewa.

Siku ya rufaa mahakama ilijaa. Wanawake wa Jumuiya walikuja na sare zao, Beata mbele. Wazee wa ukoo wa Mansue wamekaa benchi moja, makoti yamefungwa vifungo vyote. Mansue hakuweka wakili, alisema mdomo anao. Tadea naye wakili angempata wapi? Mama Somoe haruhusiwi kusema pale, akakaa nyuma yake tu, anamgusa bega.

"Mheshimiwa," Mansue akasema, laini kama anaimba, "kwetu sisi mwanaume analaza nyasi, mwanamke anafukia. Huyo hapo kwenye picha anafukia. Ndoa imevunjika wapi? Ningekuwa si mume wake angefukia?"

Benchi la wazee likaguna kukubali. Tadea akahisi kuta za kile chumba zinamsogelea. Alipopewa nafasi akasimama, akaelekeza kidole kwenye ile picha.

"Mheshimiwa, alilaza, mimi nikafumua. Nikalaza upya. Hizo kwenye picha ni nyasi nilizolaza mimi."

"Anadanganya," Mansue akasema. "Mwanamke gani analaza nyasi?"

Hakimu, kijana tu wa kutoka Mwanza huko, akaikuza ile picha kwa kidole, akaitazama, akamrudishia Mansue simu.

"Ni swali dogo tu, bwana Mansuetus. Nyasi hizi zinazoonekana hapa, ulizilaza wewe?"

Kujibu ndiyo tu. Neno moja, na Tadea ni mke wa mtu mpaka kiyama.

Mansue akafungua mdomo. Simu ikawa mkononi mwake, na baba yake mdogo, mzee Tarsisi, anaona vizuri kutoka pale benchini. Mzee akasogeza shingo. Akakunja uso. Akasema, akidhani ananong'ona, kumbe masikio yamemwishia na chumba kizima kinasikia:

"Mansue. Ndiyo kulaza huko?"

Wanawake wa Jumuiya wakashika midomo. Beata mabega yakaanza kutikisika. Mansue akaitazama picha tena, ile mistari ya njia ya mbuzi, lile jicho kubwa kama chumba. Akawatazama wazee. Shingo ikamvimba.

"Hizi? Mheshimiwa, mimi? Mimi sijawahi kulaza nyasi namna hii tangu nizaliwe! Mwulize mtu yeyote Ukata! Za kwangu zilikuwa zimenyooka, ni huyu kazifumua akaharibu..."

Akajiziba mdomo. Lakini maneno yalishatoka, karani anaandika.

Chumba kizima kikalipuka. Hakimu akagonga meza mara kadhaa mpaka watu wakatulia, na yeye mwenyewe anauma mdomo. Hukumu ilipotoka ilikuwa wazi: rufaa imetupwa. Mke aliyefumua shamba zima ili asifukie nyasi za mume, huyo ndoa imemwishia. Talaka ipo, mtoto kwa mama, nyumba, shamba, matunzo, vyote kama Mahakama ya Mwanzo ilivyosema. "Asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu," hakimu akamalizia.

Nje, Tadea analia na kucheka pamoja, mama Somoe anampepea na mtandio. Mansue akawapita, hana hata hasira.

"Songea kwenye Mahakama Kuu si mbali," akasema. "Na tukifika huko mtoto atakuwa amekua. Jaji anaweza kumwuliza mwenyewe, wewe unataka kukaa na nani. Mtoto ana mdomo, Tadea." Akaita bodaboda.

Mama Somoe akamshika Tadea mkono kwa nguvu.

"Mwanangu, sikiliza. Ile amri ya kuzuia imekufa na rufaa yake. Mpaka afungue nyingine Songea na apewe amri nyingine, nyumba ni yako, ufunguo ni wako. Leo akija, usimfungulie. Ukimwingiza leo kwa mkono wako mwenyewe, huko Songea sitakuwa na la kukusaidia. Atasema nimeshindwa kesi, bado kanikaribisha. Umenisikia?"

"Nimesikia mama."

Akapanda mlima. Akafika kabla yake, maana Mansue alipitia kilabuni. Akatoa lile godoro, begi, viatu, akavipanga vizuri barazani, chini ya bati. Akafunga mlango. Aurelia katoka shule, anakula muwa wa baba yake wa jana. Mvua ikaanza, ile ya mwezi wa nne, ya kupiga bati mpaka hamsikilizani.

Hodi ikaja.

"Mama Aurelia. Nifungulie, nalowa."

Baraza lenyewe bati lake fupi, upepo unasukuma mvua mpaka mlangoni. Godoro litakuwa limeshaloa.

"Aurelia mwanangu! Mwambie mama afungue, baba anatetemeka!"

Na alikuwa anatetemeka kweli, siyo maigizo, meno yanasikika. Aurelia akaacha muwa. Akakimbilia mlangoni, akavuta kitasa, hakifunguki. Akageuka.

"Mama, baba yuko nje."

"Najua."

"Analowa."

"Najua, mwanangu."

"Kafanya nini?"

Ng'ambo kule, Beata na wenzake wamejibanza kwenye kibanda cha shambani, wanatazama. Watamwona kafungua, watamwona hajafungua. Tadea alikuwa kaushika ufunguo mpaka umeacha alama kiganjani, na mtoto anamtazama kwa lile jicho, safari hii haliulizi tena, linaandika. Na kesho kutwa jaji wa Songea atalisoma.

Tadea hakufungua. Alikaa chini akaegemea mlango, anasikia mgongo wa Mansue nao umeegemea upande wa pili, ubao tu katikati yao, mpaka mvua ilipopungua na ule mgongo ukaondoka. Akapakua ugali. Aurelia hakula. Alikwenda akakaa dirishani, kampa mama yake kisogo, na alipoitwa jina lake hakugeuka.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma hapo, na usinijibu haraka: ungekuwa wewe ndiye Tadea, ufunguo uko mkononi, huyo mtoto anakutazama, ungefungua?